Herufi Isiyoandikwa: Uhakiki wa Hoja ya Etimolojia ya Kilatini katika Mjadala wa Fasihi Simulizi

Ikisiri

Makala hii inahakiki hoja inayorudiwa mara kwa mara katika mijadala ya fasihi ya Kiafrika, kwamba istilahi ya Kiingereza inayotafsiriwa kuwa fasihi simulizi inajipinga yenyewe kwa kuwa neno literature limetokana na neno la Kilatini littera, yaani 'herufi'. Kwa kutumia maneno yenye asili ya Kilatini katika Kifaransa, Kihispania, Kireno, Kiitaliano, Kiromania na Kiingereza, makala inaonyesha kwamba asili ya neno haiwezi kuwa kipimo cha maana yake ya sasa, na kwamba neno littera lenyewe linatoa ushahidi dhidi ya hoja iliyojengwa juu yake. Makala inadai pia kwamba wanaoitetea istilahi ya fasihi simulizi kwa kurejelea asili ya Kiarabu ya neno fasihi wanarudia kosa lilelile. Hitimisho letu ni kwamba uhalali wa istilahi hutokana na matumizi na na mahusiano yake na istilahi nyingine, na kwamba kazi ya etimolojia ni kueleza njia ambayo neno limepitia.

1.0 Utangulizi

Msomaji wa tasnifu za uzamili katika fasihi ya Kiswahili atakuwa amekutana mara nyingi na aya ya kwanza ya sura ya kwanza inayoanza kwa kueleza kwamba dhana fulani imetokana na neno la Kilatini lenye maana fulani. Utamaduni hufafanuliwa kwa kurejelea colere 'kulima', matini kwa kurejelea texere 'kufuma', na fasihi kwa kurejelea littera 'herufi'. Aghalabu aya hiyo haina madhara. Ni salamu tu, mfano wa hodi inayobishwa mlangoni kabla ya mgeni kuingia na kueleza shida yake. Lakini zipo nyakati ambapo hodi inageuzwa kuwa hukumu: maana ya Kilatini inachukuliwa kuwa ndiyo maana ya kweli, na matumizi ya leo yanayotofautiana nayo yanahesabiwa kuwa ni upotofu.

Hakuna mahali ambapo hukumu hiyo imekuwa na uzito kwetu kama katika mjadala wa fasihi simulizi. Ruth Finnegan alipochapisha Oral Literature in Africa mwaka 1970, jina la kitabu chake lenyewe lilikuwa dai kwamba sanaa ya mdomo ni fasihi kamili. Miaka kumi na miwili baadaye Walter J. Ong, katika Orality and Literacy (1982), aliikataa istilahi hiyo. Katika Afrika Mashariki, Pio Zirimu wa Uganda alikwisha kubuni neno orature, ambalo Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo walilieneza baadaye. Ong na Zirimu walikuwa na malengo tofauti sana, lakini sababu moja inayotolewa kuwaunga mkono wote wawili ni hiyohiyo: ndani ya neno literature mna herufi, na penye herufi pana maandishi.

Makala hii haikusudii kuamua ni istilahi ipi ya Kiingereza iliyo bora. Inauliza swali la msingi zaidi: je, sababu hiyo ni sababu? Ili kulijibu tutayafuata maneno ya Kilatini huko yalikozaliwa na kukulia, yaani katika lugha za Ulaya, kabla ya kurejea kwenye mjadala wetu.

2.0 Hoja Inayohakikiwa

Neno etimolojia lenyewe limejengwa juu ya neno la Kiyunani etymos 'kweli'. Kwa wasomi wa kale, kutafuta asili ya neno kulikuwa kutafuta ukweli wake. Isidore wa Seville, aliyeandika Etymologiae katika vitabu ishirini mwanzoni mwa karne ya 7, aliamini kwamba mtu akijua jina limetoka wapi atauelewa upesi zaidi uwezo wa kitu kinachotajwa. Asili nyingi alizotoa zimekwisha kukataliwa na isimu historia, lakini imani iliyomwongoza haijafa. Imebaki kila panapotumika usemi kama "maana halisi ya neno hili".

Isimu ya kisasa ilijitenga na imani hiyo zamani. Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916, alitenganisha hali ya lugha katika kipindi kimoja na historia ya mabadiliko yake, akadai kwamba thamani ya neno hutokana na mahusiano yake na maneno mengine yaliyopo pamoja nalo. Msemaji hahitaji kujua babu wa neno ili alitumie ipasavyo, kama vile mtumiaji wa sarafu asivyohitaji kujua madini yake yalichimbwa wapi.

Ni haki kusema kwamba hoja ya Ong haikuishia kwenye etimolojia. Hofu yake kubwa ilikuwa kwamba istilahi hiyo inatufanya tuitazame sanaa ya mdomo kama maandishi yaliyopungukiwa na wino. Hofu hiyo ni ya kweli, na tutairudia. Hata hivyo, aliona kwamba asili ya neno inatosha kuwa ushahidi wa hofu hiyo. Ndiyo maana alisema kwamba neno text, kwa kuwa limetokana na kufuma, kietimolojia linapatana zaidi na usemi kuliko neno lenye herufi ndani yake. Hapo ndipo tunapotofautiana naye. Ikiwa asili ni ushahidi, basi ni lazima iwe ushahidi katika maneno mengine pia. Tuone kama ndivyo ilivyo.

3.0 Ushahidi wa Maneno ya Kilatini

3.1 Mama mmoja, watoto wasiofanana

Tuanze na neno captivus, ambalo katika Kilatini lilimaanisha 'mateka'. Kihispania kimehifadhi cautivo kwa maana iyo hiyo. Kiitaliano kina cattivo, lakini maana yake ni 'mbaya'. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba mabadiliko hayo yalipitia katika lugha ya Kikristo, ambamo mwenye dhambi alikuwa mateka wa shetani. Kifaransa kina chétif, nalo lina maana ya 'dhaifu' au 'aliyekonda'. Kiingereza kilipokea caitiff kutoka kwa Wanormani, likawa 'mtu duni, mwoga', kisha kikachukua captive moja kwa moja kutoka vitabu vya Kilatini kwa maana ya zamani. Mwitaliano anayesema kwamba divai ni cattivo haiwazii minyororo, na Mfaransa anayemhurumia mtoto chétif hamwazii shetani.

Mfano wa pili ni kitenzi salire 'kuruka'. Kiromania kimebaki na sări 'kuruka'. Kihispania kina salir 'kutoka'. Kiitaliano kina salire 'kupanda'. Kitenzi kimoja kimegawanyika katika pande tatu: juu, nje, na juu na chini kwa pamoja. Lau asili ingekuwa hakimu, tungelazimika kusema kwamba ni Waromania peke yao wanaokitumia kwa usahihi, na kwamba Wahispania na Waitaliano wamekuwa wakikosea kwa zaidi ya miaka elfu moja bila mtu kuumia.

Mfano wa tatu unahusu kinywa, na kwa hiyo uko karibu zaidi na mada yetu. Neno la Kilatini os, oris 'kinywa' lilipotea katika matumizi ya kawaida, na nafasi yake ikachukuliwa na bucca 'shavu'. Kutokana nalo tunapata bouche ya Kifaransa, bocca ya Kiitaliano na boca ya Kihispania na Kireno, zote zikimaanisha 'kinywa'. Mfaransa anayesema kwamba hadithi hupita kutoka bouche hadi bouche hasemi kwamba inapita kwenye mashavu. Neno os lilibaki vitabuni, ambamo wasomi walilichukua kuunda sifa kama oral. Hivyo neno ambalo leo linasimamia mdomo dhidi ya maandishi limehifadhiwa na maandishi, ilhali midomo yenyewe ilikwisha kulisahau.

3.2 Njia ya mdomo na njia ya kalamu

Jambo hili la mwisho linahitaji kuelezwa kwa mapana, kwa maana ndilo kiini cha hoja yetu. Maneno ya Kilatini yaliingia katika lugha za Kiromansi kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni urithi: watu waliendelea kukisema Kilatini kizazi baada ya kizazi, sauti zikabadilika kidogo kidogo, mpaka kikawa Kifaransa, Kihispania au Kireno bila ya kuwapo siku ambayo mtu alilala akisema lugha moja na kuamka akisema nyingine. Njia ya pili ni mkopo: makasisi, wanasheria na wanazuoni walilichukua neno kutoka kitabuni na kulirudisha katika lugha yao likiwa karibu na umbo la kale. Neno moja likipita njia zote mbili, matokeo yake ni maneno pacha.

Katika Kifaransa, causa 'sababu, kesi' ilirithiwa kwa mdomo ikawa chose 'kitu', kisha ikakopwa vitabuni ikawa cause 'sababu'. Fragilis ilirithiwa ikawa frêle 'dhaifu', ikakopwa ikawa fragile 'rahisi kuvunjika'. Pensare 'kupima uzito' imezaa peser 'kupima uzito' kwa njia ya mdomo na penser 'kufikiri' kwa njia ya wasomi. Hospitale 'mahali pa wageni' imezaa hôtel na hôpital. Kiingereza kikayachukua na kuongeza hostel, nacho Kiswahili kikapokea yote matatu: hoteli, hospitali na hosteli. Hakuna mgonjwa anayepelekwa hotelini kwa kuwa maneno hayo yana mama mmoja.

Tofauti kati ya peser na penser ina kisa kinachotuhusu. Katika Kilatini cha kusemwa sauti n ilidondoka mbele ya s, ilhali walioandika waliendelea kuiandika. Orodha ya kale ya masahihisho ya Kilatini inayojulikana kama Appendix Probi inawaonya wanafunzi dhidi ya matamshi ya aina hiyo, na miongoni mwa maneno inayoyasahihisha ni mensa, ambalo watu walilitamka bila n. Onyo halikufua dafu. Umbo lililokatazwa ndilo lililoshinda katika Kihispania na Kireno, ambamo mensa ikawa mesa. Wareno walipofika katika pwani ya Afrika Mashariki walikuja nalo, nasi tukalitohoa kuwa meza. Kila tunaposema meza tunalitamka kosa la mwanafunzi wa Kilatini ambaye mwalimu wake alishindwa kumrekebisha. Lakini nani atasema kwamba meza si neno sahihi?

3.3 Kutoka mzigo hadi ubalozi, kutoka kanisa hadi gereza

Maneno yaliyovuka mipaka ya Ulaya yanaonyesha jambo hilo kwa nguvu zaidi. Katika Kilatini, baiulus alikuwa mchukuzi wa mizigo, yaani hamali. Kubeba kukapanuka kuwa kulea, na balia ya Kiitaliano ni mama anayenyonyesha mtoto wa mwenzake. Kulea kukawa kusimamia, na bailli ya Kifaransa akawa ofisa wa mfalme, ambaye Kiingereza kinamwita bailiff. Wavenisi walimwita bailo mjumbe wao mkuu katika Konstantinopoli, Waturuki wakalifanya balyoz, na kwa njia ya nchi za Kiarabu likatufikia likiwa balozi. Tanzania ikalipa kazi nyingine tena: balozi wa nyumba kumi hawakilishi dola yoyote ya kigeni, bali ni kiongozi wa majirani zake. Mtu anaweza kucheka kwamba balozi ni hamali aliyepanda cheo, na pengine balozi wa nyumba kumi aliyechoka na mashauri ya majirani atakubaliana naye. Lakini huo ni utani. Hakuna mwanasheria atakayedai kwamba balozi anawajibika kubeba mizigo.

Mfano mwingine ni ecclesia, neno ambalo Kilatini kililipata kutoka kwa Wayunani, ambao kwao lilikuwa 'mkutano wa raia'. Kwa Wakristo likawa 'kanisa': église kwa Kifaransa, chiesa kwa Kiitaliano, iglesia kwa Kihispania, igreja kwa Kireno. Katika Kiswahili igreja ikawa gereza. Inaaminiwa kwamba neno lilihamia kwenye ngome za pwani, ambazo Wareno walizijenga na kuabudu ndani yake, na ngome ya Kilwa Kisiwani inaitwa Gereza hadi leo. Kisha ngome zikatumiwa kufungia watu. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyojengwa kati ya mwaka 1593 na 1596, ilikuwa jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Raia waliokusanyika kwa hiari wamekuwa wafungwa waliokusanywa kwa nguvu. Historia hii ina mengi ya kutufundisha kuhusu pwani yetu. Kuhusu maana ya neno gereza katika sentensi ya leo, haina la kutufundisha.

4.0 Littera na Watoto Wake

Sasa tunaweza kulirudia neno lililoanzisha mjadala. Littera lilikuwa 'herufi' katika Kilatini, na litterae kwa wingi 'waraka' au 'elimu'. Litteratura lilikuwa na maana finyu. Quintilian, mwalimu wa balagha wa karne ya 1 BK, analitaja kuwa tafsiri ya Kilatini ya neno la Kiyunani lenye maana ya sarufi, yaani elimu ya kusoma na kuandika. Halikumaanisha tungo za sanaa.

Maana hiyo ya elimu ilidumu kwa muda mrefu. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 inalifafanua neno hilo kuwa ni elimu na ustadi wa mambo ya maandiko; mtu alikuwa nalo kama anavyokuwa na hekima, si kama anavyokuwa na rafu ya vitabu. Hata mwaka 1800, Germaine de Staël alipoandika kitabu chake kuhusu fasihi na taasisi za kijamii, alilitumia kujumuisha maandishi ya falsafa pamoja na kazi za ubunifu, akiacha nje sayansi za maumbile tu. Maana tunayoichukulia leo kuwa ya kawaida, yaani jumla ya riwaya, tamthilia na mashairi, ni changa. Isitoshe, haijawahi kutawala peke yake. Kwa Kijerumani Literatur ni pia orodha ya marejeo, na daktari anayezungumzia Literatur ya ugonjwa fulani hana nia ya kutusomea mashairi.

Kwa hiyo anayedai kwamba fasihi lazima iwe na herufi kwa sababu ya asili yake anakabiliwa na swali: asili ipi? Akienda hadi kwa Quintilian, hata tamthilia za Shakespeare si litteratura, kwa kuwa si sarufi. Akiishia karne ya 18, vitabu vya falsafa vimo. Mstari anaouchora anauchora yeye mwenyewe mahali panapomfaa, kisha anasema kwamba ni Warumi waliouchora.

Ushahidi wenye uzito zaidi unatoka katika Kihispania na Kireno. Katika lugha hizo mbili, letra ni mtoto wa moja kwa moja wa littera, aliyepita njia ya mdomo kama chose na peser. Maana yake ya kwanza bado ni 'herufi'. Lakini letra ni pia maneno ya wimbo, yakitofautishwa na muziki wake. Mwimbaji asiyejua kusoma, anayeimba wimbo ambao haujaandikwa popote, anasemwa kuwa anaijua letra yake. Hapa hatuna mkopo wa wasomi wala istilahi iliyobuniwa na kamati. Tuna neno la kila siku, ambalo kwa karne nyingi limetumiwa na watu ambao wengi wao hawakujua kusoma, na ambalo limeihamisha herufi kutoka kwenye karatasi na kuiweka kooni. Wanaosema kwamba littera haiwezi kubeba sauti wanapingwa na watoto wa littera wenyewe.

Kinyume chake nacho ni kweli. Neno orature limeundwa kwa kuunganisha oral na literature. Mwisho wake ni masalia ya litteratura, na mwanzo wake, kama tulivyoona, ni neno lililohifadhiwa na vitabu baada ya vinywa kuliacha. Tukilipima kwa kipimo cha etimolojia, orature ina wino zaidi ya letra. Hatusemi hivi kumpunguzia Zirimu heshima. Neno lake lilikuwa tendo la kudai uhuru wa sanaa ya mdomo dhidi ya mtaala uliokuwa ukiidharau, na thamani yake imo katika tendo hilo. Kulitetea kwa etimolojia ni kulinyima utetezi wake ulio bora.

5.0 Fasihi na Mtego Uleule

Mtetezi wa istilahi yetu anaweza kufurahi hapa na kusema kwamba Kiswahili hakina tatizo hilo. Fasihi imetokana na Kiarabu, katika mzizi uleule uliotupa fasaha na ufasaha. Haina herufi ndani yake, ina usemi mzuri. Kwa hiyo fasihi simulizi ni istilahi halali, na labda fasihi andishi ndiyo inayopaswa kujieleza.

Hoja hii inavutia, na ni wazi kwamba inawapa nguvu waliochoshwa na madai ya upande wa pili. Lakini ni hoja ileile iliyovaa kanzu badala ya koti. Katika Kiarabu mzizi huo unahusiana na uwazi na usafi, na kamusi za Kiarabu zinautumia pia kwa maziwa yaliyotulia na kuondokwa na povu. Je, kazi isiyo wazi, kama shairi la mafumbo, si fasihi kwa sababu ina povu? Je, hadithi inayosimuliwa na mtoto anayegugumia, au kitendawili kilichotegwa kwa maneno ya mkato, havimo kwa kuwa havina ufasaha? Tukikubali kipimo hiki tutalazimika kufukuza kazi nyingi tulizodhamiria kuzilinda.

Waarabu wenyewe wanatuonyesha njia. Neno lao la leo kwa fasihi ni adab, ambalo zamani lilihusu malezi na mwenendo mwema. Neno hilohilo liko kwetu: adabu. Huko limekuwa jina la tungo na somo la chuo kikuu. Huku limebaki kuwa heshima, na kumtia mtu adabu ni kumwadhibu. Lugha mbili zimegawana maneno mawili na kuyapa kazi tofauti, na hakuna iliyokosea. Kinachoipa fasihi maana yake katika Kiswahili ni kule kusimama kwake pamoja na sanaa, isimu, ushairi, simulizi na andishi, na makubaliano ya wanaoitumia. Kuondoka kwa povu katika maziwa ya Uarabuni hakuna nafasi katika makubaliano hayo.

6.0 Hofu ya Ong na Swali Linalobaki

Tukiondoa etimolojia, hofu ya Ong inabaki, nayo inapaswa kujibiwa mahali pake. Je, istilahi tunayotumia inatufanya tuitazame sanaa ya mdomo kwa macho ya msomaji? Swali hili linahusu matumizi, na ushahidi wake utafutwe katika matumizi.

Kwa upande mmoja, Kiswahili kinazipa sanaa zote mbili kivumishi: simulizi na andishi. Hakuna iliyo mwenye nyumba na nyingine mpangaji, tofauti na mazoea ya Kiingereza ambamo literature bila kivumishi huchukuliwa kuwa ya maandishi. Kwa upande wa pili, ulinganifu wa istilahi si ulinganifu wa vitendo. Tunapoandika historia ya fasihi ya Kiswahili na kuianza na hati za kale zenye tarehe, kama ile ya Utendi wa Tambuka ya mwaka 1728, tumekwisha kuirudisha herufi kwenye kiti cha enzi bila msaada wa Kilatini. Tunapoinukuu ngano kwenye ukurasa na kuihakiki bila kumtaja fanani, hadhira na ukumbi wake, tunafanya kile hasa ambacho Ong alikihofia, hata kama istilahi yetu haina doa.

Hati hiyo ya Tambuka ina funzo la ziada. Iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, lakini tenzi za aina hiyo zilitungwa kwa mizani na vina vinavyodai sikio, na zilighaniwa mbele ya watu. Je, ni andishi au simulizi? Mpaka kati ya herufi na sauti umekuwa ukivukwa katika pwani yetu kwa karne nyingi, kama ulivyovukwa huko Ulaya ambako chose na cause ziliishi katika nyumba moja.

7.0 Hitimisho

Mapitio haya ya maneno ya Kilatini yanatupa mambo matatu. Kwanza, maneno yenye asili moja hayalazimiki kuwa na maana moja, wala hayana maana moja ya kweli iliyofichika chini ya nyingine. Cattivo na chétif ni ndugu, lakini hakuna anayesema kwa niaba ya mwenzake. Pili, historia ya lugha za Ulaya yenyewe ni historia ya mdomo na kalamu zikishindana na kusaidiana, na mara nyingi mdomo ndio ulioshinda. Tatu, hoja inayoipinga fasihi simulizi kwa kutumia littera, pamoja na ile inayoitetea kwa kutumia ufasaha, zinategemea msingi mmoja, na msingi huo hauwezi kuzibeba.

Hatumaanishi kwamba etimolojia haina kazi. Bila yake tusingejua kwamba meza ilitamkwa vibaya na wanafunzi wa Kilatini kabla haijafika Mombasa, wala kwamba gereza lilianza kama mkutano wa raia. Hiyo ni elimu ya safari: nani alikutana na nani, kwa biashara, kwa ibada au kwa bunduki. Mwanafunzi anayeifungua tasnifu yake kwa asili ya neno na aendelee kufanya hivyo, mradi aya ya pili ianze na matumizi. Aoneshe neno linatumiwa na nani, kwa kutofautisha nini na nini, na kwa faida ya nani.

Na pale atakapoambiwa kwamba bibi asiyejua kusoma hawezi kuwa na fasihi kwa kuwa fasihi ni herufi, asikimbilie kamusi ya Kilatini wala ya Kiarabu. Amsikilize bibi kwanza, aihakiki hadithi yake pamoja na sauti na ukumbi wake, ndipo aamue ni nini alichokisikia.